Mume wangu anataka ploti yangu ili apate kibali

Dada mshauri, salamu sana.

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 58, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu mapema, na ninaishi Riat, hapa Kisumu. Mume wangu wa kwanza alifariki watoto wakiwa bado shuleni. Niliwasomesha kwa mshahara wa ualimu na mikopo ya sacco, na kwa mikopo hiyo hiyo nikajinyima, nikanunua ploti Mamboleo na kujenga nyumba sita za kupangisha, chumba na sebule. Hati miliki ni ya jina langu pekee.

Mwaka 2019 nilikutana na mzee ambaye sasa ndiye mume wangu. Ni Mwingereza, fundi wa umeme wa reli huko kwao, naye pia alikuwa amefiwa na mkewe. Ana binti mmoja Uingereza ambaye mimi na yeye hatujuani sana. Tulifunga ndoa 2020 mbele ya msajili, wakati wa korona, tukiwa na mashahidi na barakoa tu. Cheti tunacho. Ni mtu mwema, sitasema uongo. Wapangaji wangu anawajua kwa majina kuliko mimi, na mamangu kule Vihiga akipika mboga za kienyeji humwekea zake kando.

Anaishi Kenya kwa kibali cha daraja K, kile cha wastaafu wanaojitegemea bila kuajiriwa. Lazima aonyeshe mapato ya angalau dola 24,000 kwa mwaka. Alipokuja, pensheni ya serikali yao ikijumlishwa na ile ya kazini ilifika, japo kwa shida. Sasa haifiki. Kila asubuhi anakaa verandani na daftari la hesabu, lile la miraba la wanafunzi, amechora safu tatu: pauni, dola, shilingi. Anaangalia bei ya pauni kwenye simu, anaandika, anafuta, anaandika tena. Kuna mwezi hesabu ya mwaka inamtokea dola 24,100, mwezi unaofuata inakuwa 22,900. Mara ya mwisho kibali kiliongezwa kwa sababu alikuwa na akiba benki. Akiba hiyo tuliichimbia kisima hapa nyumbani Riat, na iliyobaki ikaenda kwa upasuaji wa nyonga yake. Kibali kinaisha baada ya miezi minne.

Majuzi akaniambia kuna njia. Amesoma kwamba hata kodi ya nyumba zilizo Kenya inahesabiwa kuwa mapato, mradi iwe yake. Kwa hivyo nimwandikie ile ploti ya Mamboleo, kodi iingie kwenye akaunti yake, halafu "mambo yabaki vilevile, pesa si ni zetu?" Kuna kijana wa mjini anayejiita ajenti wa mambo ya uhamiaji. Ndiye aliyemletea fomu za kuhamisha hati. Ziko mezani, chini ya kopo la sukari, mpaka leo.

Nilimuuliza kwa nini asiombe kukaa kama mume wa Mkenya. Akajibu kwamba hiyo ni pasi ya mtegemezi, na yeye hajamtegemea mtu tangu aanze kazi akiwa na miaka 16. Siku hiyo hatukuongea tena.

Halafu kuna hili. Anasema pensheni ya serikali yao haijaongezwa hata peni moja tangu ahamie Kenya. Lakini binti ya dada yangu aliyeolewa Leicester anasema wazee wa huko huongezwa kila Aprili. Nani anadanganya? Mwanangu wa kwanza, aliye Nairobi, yeye ameshahukumu: mzungu anaficha pesa na anavizia mali ya mama. Ameniambia siku nitakayotia sahihi nisimhesabu tena kuwa mwanangu. Dada yangu naye anasema nikikataa, mzee atafunganya arudi kwao, nami nitakuwa mjane mara ya pili mume akiwa hai. Na kweli ameshatamka mara moja, "Labda nirudi tu nyumbani."

Nitie sahihi? Nimwache aende? Au ninamwonea mume mwema kwa maneno ya watoto?

Mama wa Riat, Kisumu

JIBU

Dada yangu wa Riat,

Umeniuliza kuhusu sahihi, lakini barua yako ina zaidi ya hilo. Kuna suala la mumeo kuishi Kenya kihalali, kuna suala la ploti ni ya nani, na kuna suala la kama unalala na mtu mkweli. Yamekujia kwa pamoja kupitia fomu za yule ajenti, ndiyo maana yanaonekana kama jambo moja la kujibiwa ndiyo au la. Hebu tuyatenganishe.

Nianze na ukweli wake, kwa kuwa hapo naweza kukutua mzigo leo hii. Mumeo hakudanganyi. Na binti ya dada yako pia hadanganyi. Serikali ya Uingereza huongeza pensheni ya taifa kila Aprili kwa wazee walio nchini humo, na pia kwa walio katika nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Ufilipino na nyingine kadhaa. Kenya haimo katika orodha hiyo. Mstaafu wao akihamia kwetu, kiwango kinaganda pale alipokiacha. Mtu aliyeanza kulipwa pensheni mpya kamili mwaka 2019 alianza na pauni 168.60 kwa wiki, na akiwa Kisumu atabaki nazo hizo hizo. Mwenzake aliyebaki Leicester alifikia pauni 230.25 kwa wiki kuanzia Aprili 2025. Piga hesabu ya wiki 52, utaona tofauti inapita pauni 3,200 kwa mwaka. Waingereza walio Kanada, Australia na Afrika Kusini wanalia kilio hicho hicho, na wamelia miaka mingi bila kusikizwa.

Ongeza hapo mwenendo wa pauni yenyewe, ambayo Septemba 2022 ilianguka karibu ilingane na dola. Kibali kinapimwa kwa dola, yeye analipwa kwa pauni. Kwa hivyo mzee anayefuta na kuandika upya kila asubuhi haonyeshi dalili za mtu anayeficha pesa. Mimi naona mtu mwenye hofu. Mwanao mpe tarakimu hizi kama zilivyo. Sisi huwa tunadhani mzungu na shida ya pesa haviwezi kukaa nyumba moja, na dhana hiyo imewaumiza wengi, wazungu na wenyeji.

Lakini mtu anaweza kuwa mkweli kuhusu pensheni na bado akakuletea wazo baya. Sasa tuje kwenye ploti.

Kuhusu kanuni, ajenti hakukosea kabisa. Mapato ya kibali cha K yanaweza kutoka nje ya nchi, na yanaweza pia kutoka kwa mali iliyo hapa Kenya. Alichoruka ni kwamba mapato hayo yanatakiwa yawe ya mwombaji kwa haki yake mwenyewe, awe huru kuyatumia apendavyo. Sasa angalia maneno ya mumeo: "mambo yabaki vilevile." Ploti ikiwa yake kweli, mambo hayatabaki vilevile. Na yakibaki vilevile, basi ploti si yake kweli, na nyote wawili mtakuwa mmeiambia serikali uongo kwa maandishi. Uongo huo ukigunduliwa, atakayepoteza haki ya kuishi hapa ni yeye.

Tuseme unampa kwa moyo mweupe. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema mume au mke akimpa mwenzake mali kama zawadi wakiwa katika ndoa, inachukuliwa kuwa ni ya aliyepewa moja kwa moja, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Yaani siku ya mzozo, wewe ndiye utakayesimama kortini kueleza kwamba hukumaanisha. Na si mzozo tu. Mungu apishe mbali, akitangulia yeye, ploti ya Mamboleo itaingia katika mirathi yake, na yule binti ambaye hamjuani sana atakuwa mrithi halali. Hatakuwa mwizi. Atakuwa anachukua mali ya babake. Tena kwa kuwa mumeo si raia, Kifungu cha 65 cha Katiba hakimruhusu kumiliki ardhi kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Kama hati yako ni ya umiliki wa kudumu, kwa jina lake itashuka hadi hapo.

Kuna jambo moja ambalo ningemuuliza mimi kama ningekuwa kwenye veranda hiyo. Katika mwezi mbaya uliouandika, pengo ni dola 1,100 kwa mwaka. Kwa nini pengo la dola 1,100 linahitaji ploti nzima yenye nyumba sita? Muulize kwa upole, si kwa kumtega. Inawezekana hakuwahi kulifikiria hivyo; mtu aliyeshikwa na hofu huchukua mlango wa kwanza anaofunguliwa. Inawezekana pia kwamba mlango huo ulifunguliwa na mtu anayelipwa kwa kila hati inayohamishwa. Sina neno jema kwa ajenti anayefika nyumbani akiwa na fomu za ardhi wakati ameitwa kwa mambo ya kibali. Maombi ya uhamiaji siku hizi yanafanywa mtandaoni, na mwombaji anaweza kuyajaza mwenyewe na kuyafuatilia mwenyewe.

Nyinyi mmekuwa mkiona kama njia ni K au ndege ya kurudi. Sheria ina njia nyingine, na kila moja ina bei yake.

Pasi ya mtegemezi unaijua. Wewe kama raia ndiye unayemwombea, na haiulizi dola 24,000. Haimruhusu kuajiriwa, lakini hata K haimruhusu, kwa hivyo hapo hapotezi kitu. Bei yake ni kwamba ina muda, na inasimama juu yako: ndoa ikivunjika, au wewe ukifa, msingi wake unaondoka.

Kuna ukaazi wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamruhusu mume au mke wa Mkenya kuuomba ndoa ikishatimiza miaka mitatu. Yenu ilitimiza 2023, na sijaona mahali katika barua yako ambapo mmoja wenu amelitaja hilo. Msingi wake ni ndoa, si bei ya pauni. Akiupata, hatakuwa na haja ya kurudi kila baada ya muda fulani kuthibitisha kwamba bado ana pesa za kutosha. Ugumu wake ni karatasi na subira, na kwamba maafisa watataka kuridhika kuwa ndoa ni ya kweli. Nyinyi mmeishi pamoja miaka hii yote na kuuguzana, sidhani hilo litawashinda.

Na kuna uraia wenyewe. Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kuomba kusajiliwa mtu aliyekuwa katika ndoa na raia kwa angalau miaka saba. Kwenu hiyo ni 2027. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, na Uingereza haimkatazi, kwa hivyo hatalazimika kurudisha pasipoti yake. Je, anataka kuwa Mkenya? Hilo sijui, na huenda wewe pia hujawahi kumuuliza.

Na kurudi kwao? Hapa naomba uwe makini, maana neno lile limekutisha kuliko linavyostahili, au pengine limekutisha kwa sababu isiyo sahihi. Ni kweli akirudi kuishi Uingereza pensheni yake itapandishwa hadi kiwango cha sasa, na atatibiwa huko. Lakini kama anawaza mrudi wawili, ajue kwamba tangu Aprili 2024 raia wa Uingereza anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka nje hutakiwa aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka, au awe na akiba kubwa. Mapato yake yote kwa mujibu wa daftari hayafiki pauni 20,000. Nchi yake mwenyewe imeweka kizingiti cha juu kuliko cha Kenya. Kwa hivyo "nirudi nyumbani" ina maana ya yeye huko na wewe Riat, labda kwa kutembeleana. Wapo wanaoishi hivyo na wakaridhika. Ila isemwe hivyo wazi, isitumiwe kama neno la kukuharakisha utie sahihi. Nadhani aliposema alikuwa amechoka tu. Wewe uliyeisikia sauti yake unajua zaidi yangu.

Nirudi kwenye ile siku ambayo hamkuongea. Umeichukua kuwa ni kiburi cha mwanamume, na pengine kimo kidogo. Lakini fikiria upande wake. Ana umri mkubwa, nyonga imefanyiwa upasuaji, akiba imeisha, na anaambiwa kwamba kulala kwake Kisumu kutategemea barua ya mkewe. Siku mkikosana, barua ikiondolewa, yeye aende wapi? Sasa jitazame na wewe. Unaogopa kutia sahihi kwa sababu siku mkikosana, ploti ikiwa kwa jina lake, wewe na wanao mwende wapi? Dada yangu, hofu ni ile ile. Kila mmoja anaogopa kuwa mkononi mwa mwenzake siku mbaya ikifika, na kila mmoja amemwomba mwenzake akubali kile ambacho yeye mwenyewe hakiwezi. Sidhani mmewahi kuambiana hivyo. Mmeambiana habari za fomu.

Mkiongea kwa njia hiyo, huenda ukaazi wa kudumu ukamkaa vizuri kuliko pasi, kwa sababu akishaupata haombi tena kila mara kwa jina lako. Huenda asiutake pia. Huenda akasema afadhali ajibane, auze kitu alichonacho kwao, aweke akiba tena, abaki na K yake kwa heshima yake. Hiyo nayo ni njia, mradi hesabu itimie kwa pesa yake, na ni yeye anayejua amebakiza nini huko.

Kuhusu mwanao. Alimwona mamake akijinyima, sishangai kwamba analinda. Lakini kulinda ni tofauti na kukutishia kwamba atajitoa katika ukoo. Mwambie kwamba ploti uliyoipata kabla ya ndoa hii ni yako, na ndoa peke yake haikuifanya kuwa ya mzee. Mwambie pia upande wa pili, hata kama hataupenda: sheria hiyo hiyo ya 2013 inatambua mchango wa mwenzi katika kuboresha mali aliyoikuta. Kisima kilichimbwa kwa akiba ya mume wako. Kama kesho utaandika wosia, na kwa umri wetu si vibaya kuuandika, kisima hicho kisisahauliwe. Pengine mzee akiona jambo hilo limeandikwa, atajua kwamba nyumba ya Riat si mahali anapovumiliwa tu.

Miezi minne si mingi. Maombi yoyote mtakayochagua yaingie kabla kibali hakijaisha, kwa sababu kukaa bila kibali ni kosa, na litamfuata katika kila ombi la baadaye. Ukiamua jambo lolote kuhusu ardhi, tafuta wakili wako mwenyewe, mbali na wa mumeo na mbali kabisa na wa ajenti. Ofisi ya Uhamiaji Kisumu nendeni pamoja, mkiwa na cheti halisi cha ndoa, kibali, kitambulisho chako na taarifa za benki za mwaka mzima. Waulizeni ada za sasa, maana hubadilika. Kisha waulizeni hili: ombi la ukaazi wa kudumu likichukua muda kuliko miezi iliyobaki, katikati hapo mzee atasimama na karatasi gani? Wakisema lazima awe na pasi kwa muda huo, au ajaribu K kwa mara nyingine, angalau mtakuwa mnajadili jambo la miezi kadhaa, na ploti ya Mamboleo haitakuwa mezani.